Barua ni Nusu ya Kuonana: Sanaa ya Etegami na Majanga ya Kimaumbile Nchini Japani

Utangulizi

Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko lililotokea chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra lilisukuma mawimbi yaliyovuka Bahari Hindi hadi pwani ya Afrika Mashariki. Tangu siku hiyo neno tsunami lilihamia katika Kiswahili cha magazeti na redio, na leo hii hata mwanafunzi wa shule ya msingi analielewa. Asili ya neno hilo ni Kijapani: tsu ni bandari, nami ni wimbi. Lugha iyo hiyo ina neno jingine ambalo halikusafiri mbali kiasi hicho, nalo ni etegami. E ni picha. Tegami ni barua, na ukilivunja zaidi ni karatasi ya mkono. Etegami, basi, ni barua ya picha: kadi ya posta iliyochorwa kwa mkono, ikatiwa maneno machache, ikabandikwa stempu na kutumwa kwa mtu mmoja.

Maneno haya mawili yamekutana katika historia ya karibuni ya Japani. Makala haya yanadhamiria kueleza namna sanaa hii ndogo ilivyokuwa njia mojawapo ya Wajapani ya kukabiliana na majanga ya kimaumbile, hasa baada ya tetemeko na tsunami ya mwaka 2011. Hoja inayoendelezwa ni kwamba etegami hutofautiana na sanaa nyingi za maafa kwa kuwa hailisawiri janga lenyewe. Humsemesha aliyepatwa na janga. Tofauti hiyo ina uzito kwa mwanafunzi wa fasihi, kwa sababu inamlazimu kuuliza upya maneno ya faraja yanafanya kazi gani, na yanamdai nini anayeyapokea.

Etegami kama Utanzu

Uchanganyaji wa picha na maneno mafupi si jambo geni Japani. Kwa karne kadhaa washairi wa haiku walichora picha nyepesi kando ya shairi, na sanaa hiyo ikaitwa haiga. Mmojawapo wa magwiji wake alikuwa Yosa Buson (1716–1784), aliyesifika kwa ushairi na uchoraji vilevile. Kadi ya posta nayo iliingia Japani mwaka 1873 serikali ilipotoa kadi zake rasmi, na kuanzia mwaka 1900 watu binafsi wakaruhusiwa kutengeneza kadi zao wenyewe. Baada ya hapo kadi yenye picha ikawa sehemu ya maisha ya kila siku, hasa kadi za salamu za Mwaka Mpya ambazo posta huzifikisha milangoni asubuhi ya tarehe 1 Januari.

Hata hivyo, etegami kwa maana yake ya leo inahusishwa na mtu mmoja, Koike Kunio, aliyezaliwa mwaka 1941 katika mji wa Matsuyama na kufariki mwaka 2023. Koike alisomea kaligrafia, yaani sanaa ya uandishi wa brashi, lakini hakuridhishwa na mtindo wa kuwafunza wanafunzi kuiga maandishi ya wakubwa waliowatangulia. Akaanza kuwaandikia rafiki zake kadi zenye michoro na maneno yake mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alifanya kazi iliyomtangaza kote nchini: kwa muda wa takriban mwaka mmoja alichora kwa mkono kadi 60,000 ili ziambatishwe kwenye nakala za jarida la Ginka. Mwaka 1985 chama cha etegami cha Japani kikaasisiwa, na sanaa hiyo ikaenea katika kumbi za kijamii, shule na nyumba za wazee.

Kanuni zake ni chache. Mchoraji huweka mbele ya macho yake kitu halisi, aghalabu kitu cha jikoni au cha bustanini: biringanya, figili, kitunguu, samaki, ua. Hachori kwanza kwa penseli. Hushika brashi karibu na ncha ya juu ya mpini, mbali na manyoya, ili mkono usiweze kuitawala kikamilifu. Kisha huvuta mstari wa wino mweusi polepole sana. Mstari hutetemeka, na mtetemeko huo hautazamwi kuwa kasoro. Rangi hutiwa kwa miguso michache, na kwa kuwa karatasi yenyewe hufyonza maji, rangi husambaa mahali ambapo mchoraji hakukusudia. Kitu kinachochorwa huwa kikubwa kiasi cha kukaribia kuvuka ukingo wa kadi. Mwisho huja maneno, pengine sentensi moja, na mhuri mdogo mwekundu ambao watu wengi huuchonga wenyewe kwenye kipande cha raba.

Kaulimbiu aliyoieneza Koike inasema kwamba si neno mtu akichora vibaya, na kwamba kuchora vibaya ndiko hasa kuzuri. Kauli hii isidhaniwe kuwa mzaha au unyenyekevu wa adabu tu. Ni msimamo wa kisanaa. Mstari uliotetemeka huonyesha kwamba kulikuwa na mkono, na mkono huonyesha kwamba kulikuwa na mtu aliyekaa chini kwa muda fulani akimfikiria mtu mwingine. Mstari ulionyooka mno, kwa mtazamo huu, huuficha ushahidi huo.

Msomaji wa Kiswahili hatauona muungano huu wa picha na kauli fupi kuwa jambo la ajabu. Kanga hufanya kazi ya jinsi hiyo: pambo, jina lenye maneno machache, na mara nyingi mpewa mmoja anayejua kwa nini amechaguliwa jina lile na si jingine. Aidha, katika karne ya 20 kanga nyingi zilizouzwa Afrika Mashariki zilichapishwa Japani, maneno yake ya Kiswahili yakipitia mikononi mwa mafundi wasioielewa lugha hiyo. Lakini ulinganishi huu una mpaka. Kanga hutoka kiwandani ikiwa moja kati ya maelfu zinazofanana, na ujumbe wake huwa wa mtu mmoja pale tu inapotolewa. Etegami haina pacha tangu mwanzo.

Janga Katika Picha Kabla ya Etegami

Ili kuelewa upya ulioletwa na etegami, ni muhimu kutazama namna Wajapani walivyoyasawiri majanga hapo awali. Mifano miwili itatosha.

Mnamo Novemba 1855 tetemeko kubwa lilibomoa sehemu za Edo, mji unaoitwa Tokyo siku hizi, na kuua maelfu ya watu. Kwa mujibu wa imani za wakati huo, matetemeko yalisababishwa na kambare mkubwa anayeishi chini ya ardhi, ambaye mungu wa Kashima humkandamiza kwa jiwe asitikisike. Siku chache baada ya tetemeko hilo, wachapishaji walianza kuuza picha za kambare zilizochapwa kwa mbao za kuchongwa. Zilitolewa bila idhini ya wakaguzi wa serikali, bila majina ya wasanii, na idadi yake ikafikia aina mamia kadhaa kabla ya serikali kuzipiga marufuku. Baadhi zilimwonyesha kambare akipigwa na umati wenye hasira. Nyingine zilikuwa na kejeli kali: maseremala na wapakaji lipu wakimshukuru kambare kwa kazi alizowaletea, au matajiri wakitapika sarafu za dhahabu walizokuwa wamezificha. Hapa picha ilikuwa jukwaa la kuuliza nani alifaidika na nani aliumia.

Mfano wa pili ni wa Septemba 1, 1923, siku tetemeko la Kanto lilipoangamiza Tokyo na Yokohama muda mfupi kabla ya saa sita mchana. Moto ulienea haraka, kwani wakati huo majiko yalikuwa yamewashwa kwa ajili ya chakula cha mchana, na takriban watu 105,000 walifariki au kutoweka. Muda si muda kadi za posta zenye picha za magofu, moshi na hata maiti zikawa bidhaa sokoni, hadi polisi wakazuia baadhi yake. Katika mwezi huohuo mchoraji na mshairi Takehisa Yumeji alizunguka jijini akichora alichokiona, na michoro yake pamoja na maelezo mafupi ikatolewa katika gazeti la Miyako Shinbun. Mfululizo huo uliitwa kwa jina linaloweza kufasiriwa kama habari za picha kutoka kwenye maafa ya Tokyo. Yumeji hakupendezwa na ukubwa wa uharibifu. Alichora watu wadogo wadogo: wachuuzi waliopanga bidhaa zao chache kando ya barabara, watoto waliogeuza janga kuwa mchezo.

Picha za kambare zilitoa hukumu. Kadi za mwaka 1923 zilitoa ushahidi, na baadhi yake zilichuuza ushahidi huo. Yumeji alikaribia jambo la tatu, kwani alimtazama mtu badala ya gofu. Hata hivyo wote hawa waliwaandikia watu wasiowajua, nao waathiriwa walikuwa mada ya picha. Hakuna kati ya picha hizo iliyokuwa na anwani ya mwathiriwa.

Machi 2011

Tarehe 11 Machi 2011, saa nane na dakika arubaini na sita mchana, tetemeko lenye ukubwa wa 9.0 lilitokea baharini mbele ya eneo la Tohoku, kaskazini mashariki mwa Japani. Tsunami iliyofuata ilisomba miji na vijiji vya pwani katika mikoa ya Iwate, Miyagi na Fukushima. Watu wapatao 15,900 walithibitishwa kufa, na zaidi ya 2,500 hawajapatikana hadi leo. Mitambo ya nyuklia ya Fukushima Daiichi ilipoteza nguvu za umeme za kuipozea, na wakazi wa maeneo ya jirani wakaamriwa kuhama. Katika siku za mwanzo zaidi ya watu 400,000 walikuwa wamekimbia makwao. Wengi walilala katika kumbi za michezo za shule, familia na familia zikitenganishwa kwa mablanketi na maboksi.

Ni katika mazingira hayo ambapo wapenzi wa etegami, wengi wao wakiwa watu wa makamo na wazee wasio wasanii wa kulipwa, walianza kutuma kadi Tohoku. Kadi zilifika katika vituo vya waliohamishwa, na baadaye katika nyumba za muda zilizojengwa kwa safu. Huko pia kulianzishwa madarasa ya etegami, ambapo wale waliokuwa wakipokea walijifunza kushika brashi na kujibu. Kadi zilivuka mipaka ya nchi vilevile, maana etegami ilikuwa imekwisha kupata wafuasi nje ya Japani.

Swali la msingi ni hili: kadi yenye picha ya kitunguu inamfaa nini mtu aliyepoteza nyumba? Jibu la kwanza linahusu upweke. Baada ya tetemeko la Kobe la Januari 17, 1995, ambalo liliua zaidi ya watu 6,400, Wajapani waligundua kwamba vifo havikukoma ardhi ilipotulia. Katika nyumba za muda, wazee waliotenganishwa na majirani wao wa zamani walifariki peke yao, na wengine wakakaa siku kadhaa bila kugunduliwa. Vifo hivyo vina jina lake katika Kijapani, kodokushi, kifo cha upweke. Kwa hiyo mnamo 2011 lililohofiwa halikuwa njaa na baridi pekee. Ilihofiwa pia milango isiyobishwa na mtu. Waswahili husema barua ni nusu ya kuonana, na katika mazingira haya usemi huo unapata maana ya moja kwa moja. Kadi yenye jina la mpokeaji humfanya mtumishi wa posta aje hadi mlangoni pake. Humthibitishia pia kwamba, ijapokuwa mtaa wake umefutika kwenye ramani, yeye mwenyewe bado ana anwani.

Jibu la pili linahusu kitu kinachochorwa. Janga huyafanya maisha yote kuwa makubwa na ya kutisha: idadi ya waliokufa, urefu wa mawimbi, vipimo vya mnururisho. Kitunguu ni kidogo. Humrejesha mtu kwenye kipimo cha mkono na meza. Lakini udogo huo haukuwa mwepesi kwa kila mtu. Mnamo Machi 2011 serikali ilizuia mchicha wa Kijapani na maziwa ya Fukushima kupelekwa sokoni kwa sababu ya mnururisho. Mkulima wa huko aliyeambiwa achore mboga iliyo mbele yake alikuwa akitazama kitu ambacho jana kilikuwa riziki na leo kimekuwa shaka. Hapo mchoro wa jani la mboga unaweza kusomwa kama maombolezo, pasipo neno lolote la huzuni kuandikwa.

Mzigo wa Maneno ya Faraja

Suala la maneno linahitaji kuangaliwa peke yake. Katika Kijapani, neno la kutia moyo linalotumika zaidi ni ganbare, ambalo maana yake ni kama kusema jitahidi, kaza moyo, usilegee. Baada ya tetemeko la Kobe timu ya besiboli ya eneo hilo ilivaa kaulimbiu yenye neno hilo, na mwaka 2011 likaandikwa kwenye mabango nchi nzima. Wakati huohuo mjadala ulizuka. Mtu aliyepoteza watoto na mashua yake, akalala miezi kwenye sakafu ya ukumbi, tayari amejitahidi hadi kikomo. Kumwambia ajitahidi ni kumwongezea kazi, na pengine ni kumlaumu kwa siri kwamba hajafanya ya kutosha.

Mzungumzaji wa Kiswahili ataitambua tofauti hii kwa urahisi. Neno pole halimdai mpewa chochote. Neno jikaze linamdai. Yote mawili husemwa kwa nia njema, lakini aliyefiwa huyasikia kwa masikio tofauti.

Etegami ilikuwa na njia yake ya kuukwepa mtego huu, ingawa haikuwa kila mchoraji aliyeukwepa. Kwanza, nafasi ni finyu: kadi haina mahali pa hotuba. Pili, kadi haina bahasha. Chochote kilichoandikwa kinaweza kusomwa na mtumishi wa posta, na kikifika ukumbini kinaweza kusomwa na jirani wa kitanda cha pili. Kwa hivyo mwandishi hujizuia kuligusa jeraha waziwazi. Tatu, picha imekwisha kusema sehemu ya ujumbe, na maneno hayalazimiki kurudia. Fikiria kadi yenye figili iliyopinda na kauli kwamba nayo imeota hivyohivyo ilivyo. Kauli hiyo inazungumzia figili. Mpokeaji ana hiari ya kuichukua kuwa inamhusu yeye, au kuiacha ibaki kuwa figili. Hiari hiyo ndiyo heshima ambayo ganbare haimpi.

Mwishoni mwa mwaka 2011, katika kura inayofanywa kila Desemba kuchagua herufi moja ya kuueleza mwaka, Wajapani walichagua kizuna, yaani kifungo au uhusiano unaowaunganisha watu. Neno hilo nalo lilipata wakosoaji, waliohisi kwamba uhusiano ulikuwa ukitangazwa kwa sauti kubwa kuliko ulivyotendwa. Etegami ni mfano wa uhusiano usiotangazwa. Unahitaji mtumaji mmoja na mpokeaji mmoja, na huendelea kwa kadi ya pili na ya tatu, baada ya kamera kuondoka.

Pingamizi

Yamkini msomaji atauliza kama haya yote si kujifariji kwa wale walio mbali. Pingamizi hili lina msingi. Wajapani wenyewe wameeleza kwamba misaada isiyofikiriwa yaweza kuwa janga la pili. Baada ya tetemeko na tsunami ya kisiwa cha Okushiri mwaka 1993, nguo kuukuu na vitu vingine vilimiminika kwa wingi hata vikalazimu kutafutiwa maghala na hatimaye kuteketezwa kwa gharama kubwa. Korongo elfu moja wa karatasi, wanaotumwa kama ishara ya matumaini, nao wamewahi kulalamikiwa kwa kujaza nafasi iliyohitajiwa na watu na chakula. Kadi ni nyepesi na haihitaji ghala, lakini kadi elfu tano zisizo na jina la mtu zinazopelekwa katika ukumbi mmoja haziko mbali sana na korongo hao. Faida ya etegami hupungua kadiri inavyoacha kuwa barua na kuwa kampeni.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Picha za kambare za mwaka 1855 ziliuliza maswali ya haki: nani alitajirika, nani alibomokewa. Etegami haiulizi. Kuhusu Fukushima, ambapo tume ya uchunguzi ya bunge ilihitimisha mwaka 2012 kwamba ajali ile ilisababishwa na binadamu, kadi ya biringanya haimwajibishi yeyote. Hili halina budi kukubaliwa. Sanaa moja haiwezi kubeba majukumu yote, na jamii iliyopatwa na janga huhitaji anayeshtaki pamoja na anayejulia hali. Kosa litatokea pale salamu zitakapotumiwa kunyamazisha mashtaka.

Hitimisho

Tarehe 1 Januari 2024, siku ambayo kadi za Mwaka Mpya hufika milangoni, tetemeko lenye ukubwa wa 7.6 liliipiga rasi ya Noto na mamia ya watu wakapoteza maisha. Lilitokea alasiri, saa chache tu baada ya wakati wa kadi hizo kufika. Kwa sasa desturi yenyewe inafifia. Kadi za Mwaka Mpya zilizotolewa na posta ya Japani zilifikia kilele cha takriban bilioni 4.4 kwa ajili ya mwaka 2004, na tangu hapo zimepungua mno. Oktoba 2024 gharama ya kutuma kadi moja ilipanda kutoka yeni 63 hadi 85. Ujumbe wa simu hufika kwa sekunde moja na hauna gharama ya stempu. Lakini hauna mstari unaotetemeka.

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba etegami ilibadilisha nafasi ya mwathiriwa katika sanaa ya maafa: kutoka kuwa anayetazamwa hadi kuwa anayeandikiwa, na katika madarasa ya nyumba za muda, hadi kuwa anayeandika. Kwa wanafunzi wa fasihi linabaki suala la kiuhakiki. Vigezo vingi vinavyotumika kuiainisha kazi ya fasihi hutanguliza kitabu, jukwaa au hadhira ya watu wengi. Etegami ina msomaji mmoja, haina nakala, na aghalabu huishia katika droo ya mtu. Nyaraka za kishairi za waswahili wa kale, nyingi zikiwa ziliandikiwa mtu mmoja kabla ya kuingia maktabani, zinadokeza kwamba suala hili si la Wajapani peke yao. Inafaa wahakiki walishughulikie kwa kuanza na matini zilizo karibu nao: barua, salamu za rambirambi na kadi zilizohifadhiwa majumbani, ambazo hakuna aliyewahi kuzihesabu kuwa fasihi.